Nguvu sawa, mbio tofauti: kwa nini gari moja huchomoka na jingine hubaki nyuma?

Msikilizaji, katika miaka ya 1960 eneo la Birmingham, katikati ya Uingereza, lilikuwa na viwanda viwili vya magari ambavyo kazi yake ilijulikana hadi kwetu Afrika Mashariki. Kimoja kilikuwa Longbridge, kusini-magharibi mwa jiji, ambako yaliundwa magari madogo ya Mini. Cha pili kilikuwa Solihull, mji jirani ulio upande wa kusini-mashariki, na huko ndiko ilikotoka Land Rover, gari ambalo mkuu wa wilaya, mganga wa kliniki za vijijini na askari wa wanyamapori wote walilitegemea.

Mwaka 1964 ilitoka Mini Cooper S yenye injini ya cc 1,275. Karatasi za kiwanda zilisema kwamba injini hiyo ilikuwa na nguvu za farasi 76. Land Rover ya wakati huo huo, ile yenye injini ya petroli ya cc 2,286, iliandikwa kuwa na nguvu za farasi 77. Tofauti ni farasi mmoja tu, tena farasi huyo yuko upande wa Land Rover.

Hata hivyo, magari hayo mawili yakisimamishwa bega kwa bega na kuambiwa yaondoke kwa pamoja, hapakuwa na shindano. Mini ilihitaji sekunde 11 hivi kutoka kusimama hadi kufikia mwendo wa maili 60 kwa saa, yaani kilomita 97. Land Rover ilihitaji kiasi cha nusu dakika, na nyingine zilichukua muda mrefu zaidi.

Je, farasi 77 wa Land Rover walikwenda wapi?

Swali hili si la wapenda mashindano peke yao. Mtu anayenunua gari lililotumika kutoka Japani, akalipokea katika bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, huuliza kwanza cc ngapi, kisha huuliza farasi wangapi. Siku atakapotaka kulipita lori katika barabara ya njia mbili, huku basi likija upande wa pili, namba hizo mbili zitamweleza sehemu tu ya anachohitaji kujua. Sehemu iliyobaki ndiyo tutakayoizungumzia katika makala haya.

Farasi wa James Watt

Kipimo chenyewe cha nguvu za farasi kina uhusiano wa karibu na Birmingham. James Watt, fundi mzaliwa wa Scotland, alihamia mjini humo mwaka 1774, na mwaka uliofuata akaingia ubia na mfanyabiashara Matthew Boulton. Walitengeneza injini za mvuke, na wateja wao walikuwa watu waliozoea kuendesha mitambo kwa farasi. Mteja alitaka kujua jambo moja tu: injini hii itanipunguzia farasi wangapi?

Watt akapiga hesabu. Katika miaka ya 1780 alikadiria kwamba farasi mmoja wa kiwandani anaweza kuinua ratili 33,000 kwa futi moja katika dakika moja. Kwa vipimo vya leo, ni sawa na kuinua mzigo wa kilo 76 kwa mita moja katika kila sekunde. Watt alifariki mwaka 1819 na akazikwa Handsworth, ambayo sasa ni sehemu ya Birmingham. Jina lake limebaki katika kipimo kingine, wati, na farasi mmoja ni sawa na wati 746 hivi.

Katika hesabu hiyo ya Watt kuna neno ambalo wanunuzi wengi wa magari hulisahau, nalo ni muda. Nguvu, kwa maana ya wahandisi, ni kazi iliyofanyika katika muda fulani. Msukumo wenyewe unaolisogeza gari huitwa kani, na hicho ni kitu kingine. Ukitaka kujua kani iliyopo kwenye magurudumu, chukua nguvu zinazofika hapo uzigawe kwa kasi ya gari. Kwa hiyo nguvu zile zile zinazotoa msukumo mkubwa katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa zitatoa nusu ya msukumo huo katika kilomita 60, na robo yake katika kilomita 120. Ndiyo maana kila gari, hata liwe la kifahari kiasi gani, huchomoka kwa ukali mwanzoni, kisha huonekana kama limechoka.

Hapa pia panajibiwa hoja ambayo haikosekani katika gereji yoyote. Wapo watakaosema kwamba cha kutazama si farasi, bali ni kani ya kuzungusha, ile ambayo mafundi wetu huiita toki. Basi na tuwapeleke kwenye mfano wetu. Kani ya kuzungusha ya injini ya Land Rover iliizidi ile ya Mini kwa zaidi ya nusu, na bado ndiyo iliyoachwa nyuma. Gia zinaweza kuikuza kani ya kuzungusha upendavyo, kama wenzo unavyomwezesha mtu mmoja kulinyanyua jiwe, lakini gharama yake hulipwa kwa mwendo. Land Rover katika gia yake ya chini kabisa ilizungusha injini zaidi ya mara 40 ili gurudumu lizunguke mara moja. Mini katika gia ya kwanza ilizungusha injini mara 11 au 12 tu. Kwa mtaji huo Land Rover iliweza kung'oa kisiki. Nguvu hazikuongezeka hata chembe.

Uzito, na deni linalobaki

Jibu la haraka linalomjia kila mtu ni uzito, nalo ni jibu la kweli. Mini Cooper S ilikuwa na uzito wa kilo 650 hivi. Land Rover fupi ilizidi kilo 1,300. Gari lenye uzito maradufu, likisukumwa kwa nguvu zile zile, litachukua muda maradufu kufikia mwendo ule ule.

Lakini tufanye hesabu kwa ukamilifu. Tuchukue kwamba katika kila gari wamo watu wawili, na kwamba injini inatoa nguvu zake zote, bila kupoteza kitu, tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Mini ingefika maili 60 kwa saa katika sekunde 5. Land Rover ingefika katika sekunde 9 na nusu. Saa ya mkononi, hata hivyo, ilisema 11 na 30. Yaani uzito unaeleza tofauti isiyofika maradufu, ilhali tofauti halisi inakaribia mara tatu. Kuna deni ambalo halijalipwa, na kulitafuta ndiko kunakotufundisha zaidi kuhusu magari.

Sehemu ya deni hilo iko katika njia kati ya injini na barabara. Nguvu zilizoandikwa kiwandani zilipimwa kwenye injini, na kabla hazijafika chini hupita kwenye giaboksi, difu, ekseli na beringi. Kila meno ya gia yanaposuguana ndani ya oili, kitu kinapotea na kuwa joto. Kwa kawaida hupotea sehemu ya kumi hadi sehemu ya tano. Mini iliundwa na mbunifu Alec Issigonis, mzaliwa wa Smyrna, mji ambao leo ni Izmir nchini Uturuki, naye aliilaza injini kwa upana, akaweka giaboksi chini yake, na magurudumu ya mbele yakawa ndiyo yanayovuta. Njia ilikuwa fupi. Land Rover ilikuwa na giaboksi, kisha kasha jingine la gia kwa ajili ya kugawa nguvu mbele na nyuma, kisha mihimili mirefu hadi kwenye difu mbili. Ukiwa na mto wa kuvuka utashukuru kwa vyuma vyote hivyo. Ukiwa kwenye lami, unavibeba na kuvizungusha bila faida.

Mashine yenye mapipa

Ili kuondoa utata wa nguvu zinazopotea njiani, siku hizi mafundi hupima nguvu kwenye magurudumu yenyewe. Gari hufungwa kwa mikanda imara, magurudumu yanayovuta yakiwa juu ya mapipa ya chuma yanayozunguka, kisha dereva hukanyaga mafuta hadi mwisho. Kompyuta huchora mstari, na fundi humpa mwenye gari karatasi yenye namba moja kubwa.

Wenye magari wawili wakitoka na karatasi zenye namba inayofanana, na magari yao yana uzito unaofanana pia, hutarajia kufika pamoja. Mara nyingi hawafiki, na sababu ya kwanza iko kwenye karatasi ile ile, isipokuwa watu hutazama namba badala ya mstari.

Namba ile ni kilele tu. Inasema injini hii, katika mzunguko mmoja maalum, tuseme mara 6,000 kwa dakika, ilifikisha nguvu kadhaa. Haisemi ilikuwa na nguvu gani katika mizunguko 3,000, wala 4,500. Ukibadilisha gia, mizunguko ya injini hushuka, na gari huendeshwa na kile kilichopo chini ya kilele. Injini yenye mstari mpana, mithili ya mlima Meru uliokatwa kileleni, hutoa nguvu nyingi muda wote. Injini yenye mstari uliochongoka kama mnara hutoa nguvu nyingi kwa dakika chache za maisha yake, na muda uliobaki hungoja. Kwenye karatasi vilele vinalingana. Barabarani, kinachohesabiwa ni wastani.

Magari yenye turbo yana lao la ziada. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka injini, na moshi hauna haraka ya kuja pale mguu unapokanyagwa ghafla. Katika mapipa, fundi hukanyaga na kusubiri. Katika barabara, kule kusubiri ni mita zinazopotea.

Sababu ya pili imefichwa zaidi, na nadhani ndiyo tamu kuliko zote. Injini haisukumi gari peke yake mbele. Inabidi ijisukume yenyewe pia. Gurudumu zito la chuma lililo nyuma ya injini, klachi, gia, ekseli, rimu na tairi, vyote hivyo sharti vizungushwe kwa kasi zaidi kila gari linapoongeza mwendo, na vyote vina ukaidi wa kukataa kubadilika. Mwanamke aliyewahi kuzungusha jiwe la kusagia analijua jambo hili bila kufundishwa: kulianzisha ni kazi, kuliendeleza ni rahisi.

Katika gia ya kwanza injini huongeza mizunguko haraka mno kwa kila hatua ndogo ya gari, na kwa hiyo ukaidi wake unakuwa mkubwa. Kwa kweli hukua kwa mraba wa uwiano wa gia: gia ikiwa chini mara mbili, vyuma vya injini hulilemea gari mara nne. Sasa basi, kwenye mapipa kipimo kwa kawaida hufanywa katika gia ya juu, mara nyingi ya nne, ambako injini hupanda taratibu na ukaidi huo hauonekani. Karatasi inasema magari mawili ni sawa. Katika gia ya kwanza na ya pili, moja limebeba mzigo ambao mapipa hayakuuona.

Kuhusu magurudumu, hapa vijana wetu wasikilize kwa makini. Uzito ulio kwenye ukingo wa gurudumu huhesabiwa karibu mara mbili: mara moja kwa sababu unasafiri na gari, na mara ya pili kwa sababu unazunguka. Mtu anayeng'oa rimu zilizokuja na gari, akafunga rimu kubwa na nzito zenye tairi pana kwa ajili ya kupendezesha, amelipunguzia gari lake mchapuko bila kugusa injini. Na kama tairi hizo mpya ni ndefu kwa kimo, basi amepandisha gia zake zote pia, maana gurudumu kubwa husafiri mbali zaidi kwa kila mzunguko. Mini ilikuwa na rimu za inchi 10, udogo ambao haukuwa wa kawaida, na tairi zake zilitengenezwa na kampuni ya Dunlop. Jengo kubwa la kiwanda chao cha Fort Dunlop bado linaonekana kando ya barabara kuu ya M6 upande wa kaskazini-mashariki mwa Birmingham, ingawa leo ni ofisi na hoteli.

Gia, na mshiko wa tairi

Tukirudi kwenye lile deni letu la sekunde, kila klachi inapokanyagwa, nguvu kwenye magurudumu huwa sifuri. Dereva hodari hubadilisha gia katika nusu sekunde. Dereva wa kawaida huchukua sekunde nzima au zaidi. Magari mawili yenye nguvu sawa, moja likiwa na gia iliyopangwa hivi kwamba linafika kilomita 100 katika gia ya pili, na jingine likilazimika kuingia ya tatu katika kilomita 95, hayatatoka sawa katika kipimo cha sifuri hadi mia. Watengenezaji wanalijua hilo vizuri, na wapo ambao hupanga gia zao kwa kulitazama tangazo.

Jambo jingine ni mshiko. Katika mita chache za kwanza kinachoamua si injini, bali ni tairi na lami. Gari haliwezi kusukumwa kwa kani kubwa kuliko ile ambayo tairi zake zinaweza kuishika barabara, na mshiko huo hutegemea uzito ulio juu ya magurudumu yanayovuta. Gari linapochomoka, uzito huegemea nyuma, kama abiria wa daladala anavyoegemea kiti wakati dereva anapokanyaga mafuta. Hilo hulisaidia gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma na kulinyima lile linalovutwa na ya mbele. Mini ilinusurika kwa kuwa injini na giaboksi vilikaa juu kabisa ya magurudumu yake ya mbele, na kwa kuwa nguvu zake hazikuwa nyingi kiasi cha kuzishinda tairi. Mchanga au mvua vikiingia, hesabu hugeuka, na gari la magurudumu manne hupata fursa ya kulipa kisasi.

Magari ya umeme yameondoa baadhi ya matatizo haya. Mota ya umeme hutoa kani yake kubwa tangu gari likiwa limesimama, haina turbo ya kungoja, na mengi ya magari hayo yana gia moja tu. Ndiyo sababu gari la umeme huliacha kwenye taa za barabarani gari la petroli lenye nguvu sawa na hata uzito mdogo kidogo. Betri, hata hivyo, ni nzito, na uzito huo hauondoki unapofika wakati wa kupanda mlima.

Upepo

Deni la Land Rover lililobaki, na ni kubwa, linadaiwa na hewa. Land Rover ilikuwa sanduku. Kimo chake kilikaribia mita 2, kioo chake cha mbele kilisimama wima, na hakuna aliyemwambia mbunifu wake ajali upepo. Mini ilikuwa na kimo cha mita 1.35 na upana wa mita 1.41.

Upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi. Ukiongeza mwendo maradufu, upinzani huwa mara nne, na nguvu zinazohitajika kuushinda huwa mara nane. Katika mwendo wa kilomita 40 upepo si kitu. Karibu na kilomita 110 kwa saa, Land Rover ya injini ile ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake: nguvu zote zilizofika kwenye magurudumu zilikuwa zinaliwa na upepo na tairi, na hazikubaki za kuongeza mwendo. Mini iliendelea hadi kilomita 155 hivi. Kwa hiyo katika kilomita 90, pale ambapo Mini bado ilikuwa na akiba, Land Rover ilikuwa ikikwangua sufuria.

Mchapuko hutokana na nguvu zinazobaki baada ya upepo, tairi na mwinuko kuchukua fungu lao. Magari mawili yanaweza kulingana katika nguvu zinazofika kwenye magurudumu na yasilingane hata kidogo katika kinachobaki.

Mini ya asili iliendelea kuundwa Longbridge hadi Oktoba mwaka 2000, yakiwa yametengenezwa magari zaidi ya milioni 5. Kampuni ya MG Rover, iliyokuwa na kiwanda hicho, ilifilisika Aprili mwaka 2005, na wafanyakazi wapatao 6,000 wakapoteza kazi. Kule Solihull, Land Rover ya umbo la zamani ilifikia ukomo Januari 2016. Kwetu haijafikia ukomo bado. Kiwanda cha Leyland huko Thika, ambacho siku hizi huitwa Kenya Vehicle Manufacturers, kiliwahi kuziunganisha, na Oktoba 2024 mamia ya Land Rover, mpya na kuukuu, zilikusanyika Arusha kwa tamasha maalum la gari hilo.

Nyuma ya lori

Sasa tulete hesabu hii barabarani, mahali ambapo makosa hugharimu maisha.

Tuchukue magari mawili, kila moja likifikisha kilowati 60 kwenye magurudumu, sawa na farasi 80. La kwanza, pamoja na dereva, lina kilo 1,000. La pili lina kilo 1,500. Yote mawili yako nyuma ya lori kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na dereva anataka kufika kilomita 100 ili alipite. Tukiuacha upepo kando, gari jepesi linahitaji sekunde 4. Gari zito linahitaji sekunde 6 na kidogo.

Sekunde 2 zinaonekana kitu kidogo. Lakini katika sekunde hizo gari lako linakwenda mita 45 hivi upande usio wako, na basi linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 45 nyingine kukufuata. Ni mita 90 ambazo dereva wa gari zito alipaswa kuwa nazo na pengine hakuzihesabu, kwa sababu aliambiwa kwamba gari lake lina nguvu sawa na la jirani yake.

Kisha lipakie lile gari jepesi. Weka abiria wanne zaidi, na magunia mawili ya viazi ya kilo 60 kila moja. Umeongeza kilo 400, na sekunde 4 zako zimekaribia 6. Dereva aliyelizoea gari lake likiwa tupu siku za kazi, akasafiri na familia wakati wa sikukuu, anaendesha gari jingine kabisa, na mkono wake bado haujajua.

Jambo la mwisho linawahusu hasa wasikilizaji wetu wa nyanda za juu. Birmingham iko mita 150 hivi juu ya usawa wa bahari, na namba zinazotolewa na mashine zake za mapipa ni namba za hewa nzito ya huko. Nairobi iko mita 1,700 hivi. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kwa asilimia 15 kuliko ya Mombasa, na injini isiyo na turbo, ambayo huvuta pumzi yake yenyewe, hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Limuru, ambako ni zaidi ya mita 2,000, hasara inakaribia sehemu ya tano. Injini yenye turbo huumia kidogo tu, kwa sababu turbo huishindilia hewa kabla haijaingia. Hii ndiyo sababu magari mawili yanaweza kwenda sambamba Bamburi, na moja likamwacha mwenzake kabla ya kumaliza kupanda kwenda Limuru.

Na kupanda kwenyewe kuna bei. Katika mlima unaoinuka mita 6 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 80, kulinyanyua gari letu la kilo 1,500 dhidi ya mvutano wa dunia kunakula kilowati 20. Gari la kilo 1,000 linalipa 13. Toa kwanza ile sehemu ya tano iliyochukuliwa na hewa nyepesi, na kilowati 60 zimekuwa 48. Toa mlima, na gari jepesi linabaki na 35 za kuongeza mwendo, gari zito linabaki na 28.

Kwa hiyo kutoka kilomita 60 hadi 100, katika mlima huo, gari jepesi sasa linahitaji sekunde 7. Gari zito linahitaji 13. Tofauti iliyokuwa sekunde 2 pwani imekuwa sekunde 6, na kati ya gari hilo na lori linaloteremka kulikabili zimeongezeka zaidi ya mita 260 za barabara ambazo dereva anapaswa kuziona ziko tupu kabla hajatoka nyuma ya lori lililo mbele yake.